Mtihani mpya wa NCLEX: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa uuguzi

Tangu 1 Aprili 2023, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani na Kanada umekuwa na sura mpya. Hata hivyo vitabu vya zamani bado vinapita mkono kwa mkono, na ushauri wa waliofaulu kabla ya hapo bado unatolewa kana kwamba hakuna kilichobadilika. Maswali yafuatayo ni yale ninayoulizwa tena na tena na watu wanaojiandaa. Yanaanza na misingi na kuishia kwenye mambo yanayowapata wachache.

## Misingi

NCLEX ni mtihani gani, na unatungwa na nani?

Ni mtihani ambao mhitimu wa uuguzi lazima aupasi ndipo apewe leseni ya kufanya kazi Marekani, na katika sehemu kubwa ya Kanada. Unatungwa na NCSBN, chombo kinachounganisha bodi za uuguzi za majimbo ya Marekani. Pearson VUE ndiyo inayousimamia katika vituo vyake vya mitihani.

Elewa mgawanyo huu wa kazi mapema, maana unaokoa muda mwingi. NCSBN inatunga, Pearson VUE inakupa kiti na kompyuta, na bodi ya jimbo ndiyo inayoamua kama unastahili kufanya mtihani na ndiyo inayotoa leseni. Ukiwa na swali kuhusu cheti chako, Pearson VUE hawana jibu.

Ni nini hasa kilichobadilika mwaka 2023?

Mambo matatu makubwa. La kwanza ni aina za maswali: vimeingia visa vya wagonjwa, ambapo unapewa faili la mgonjwa mmoja na kujibu maswali sita juu yake. La pili ni alama: zamani swali la kuchagua majibu zaidi ya moja lilikuwa la kupata yote au kukosa yote, sasa unapata sehemu ya alama kwa ulichokipatia. La tatu ni idadi: maswali sasa ni kuanzia 85 hadi 150, wakati kabla ya hapo mtihani wa RN (muuguzi aliyesajiliwa) ulikuwa 75 hadi 145. Muda umebaki saa 5.

Uuguzi wenyewe haukubadilika. Magonjwa ni yaleyale, dawa ni zilezile. Kinachopimwa kwa nguvu zaidi sasa ni uamuzi: ukiwa mbele ya mgonjwa mwenye mambo kumi yanayoendelea kwa pamoja, unajua lipi ni la hatari na lipi linaweza kusubiri?

Kwa nini waliamua kuubadilisha?

Kwa sababu muuguzi mpya wa siku hizi anapokea wagonjwa wagumu kuliko zamani na anatakiwa kuamua haraka. Mtu anaweza kukariri dalili zote za ugonjwa fulani, akajibu swali la kitabuni vizuri, lakini asizione dalili hizohizo zikiwa zimetawanyika kwenye maelezo ya zamu tatu. NCSBN walitaka kupima pengo hilo.

Hawakukurupuka. Kuanzia Julai 2017 waliweka sehemu ya utafiti mwishoni mwa mtihani wa RN, watahiniwa wakajaribu maswali ya namna mpya bila kuhesabiwa alama. Maswali mapya yalianza kuhesabiwa baada ya miaka kadhaa ya majaribio hayo.

Kuna RN na PN (muuguzi wa vitendo). Mabadiliko yanahusu yote mawili?

Ndiyo. Yote mawili yalibadilika siku moja, na sasa yana idadi sawa ya maswali na muda sawa. Tofauti iko kwenye upana wa majukumu yanayopimwa. Mifano iliyo hapa ni ya RN.

Nimesikia umebadilika tena 2026. Ni kweli?

Mwongozo wa mada za mtihani hupitiwa kila baada ya miaka 3, kwa hiyo baada ya ule wa Aprili 2023 unafuata wa Aprili 2026. Mapitio ya aina hii hurekebisha maneno, majina ya baadhi ya sehemu na orodha ya kazi za muuguzi. Si mageuzi kama yale ya 2023. Visa vya wagonjwa na alama za sehemu vipo palepale. Pakua mwongozo wa mwaka utakaofanya mtihani kwenye tovuti ya NCSBN, ni bure, kisha endelea na kazi. Usiache mtu akuuzie hofu.

## Maswali mapya yanavyofanya kazi

Kisa cha mgonjwa ni kitu gani? Naomba mfano.

Skrini inagawanyika. Upande mmoja kuna faili la mgonjwa lenye kurasa kadhaa: maelezo ya muuguzi, historia, vipimo vya maabara, maagizo ya daktari. Upande wa pili kuna swali. Kadiri maswali yanavyosonga, faili linaongezeka habari, kama zamu halisi inavyoendelea. Maswali ni sita, na kila moja linapima hatua moja ya kufikiri: kutambua dalili zenye uzito, kuzichambua, kuamua tatizo lipi lije mbele, kufikiria la kufanya, kulifanya, na kuangalia kama limesaidia.

Tuseme mama wa miaka 68, siku ya pili tangu awekewe nyonga bandia. Asubuhi alikuwa salama. Saa saba mchana anabonyeza kengele, anasema kifua kinachoma akivuta pumzi. Unamkuta na mapigo ya moyo 118, anapumua mara 28 kwa dakika, oksijeni 88%, presha 108/66, joto 37.4. Shavu la mguu wa kulia limevimba na lina joto. Bandeji ya kidonda ni kavu. Hajapata choo tangu juzi. Jana alikula nusu ya chakula chake.

Swali la kwanza litakuomba uonyeshe mambo yanayotaka kushughulikiwa sasa hivi. Pumzi, oksijeni, mapigo ya moyo, maumivu ya kifua na mguu uliovimba vinaingia. Choo na chakula ni kweli vinahusu afya yake, ila si vya dakika hii. Hapo ndipo wengi wanapoteza alama, kwa sababu kila kilichoandikwa kinaonekana muhimu.

La pili linaweza kukupa jedwali na magonjwa matatu: damu iliyoganda kuziba mshipa wa mapafu, nimonia, na mshtuko wa moyo. Unaoanisha kila dalili na ugonjwa unaofanana nayo. Oksijeni iliyoshuka inaweza kuwa ya damu iliyoganda na pia ya nimonia. Mguu uliovimba unaelekeza kwenye damu iliyoganda. La tatu: lipi lina uwezekano mkubwa, na ni kwa sababu gani? La nne: kipi kitamsaidia na kipi kitamdhuru? Kuinua kichwa cha kitanda, kumpa oksijeni na kumwandaa kwa kipimo cha CT vinafaa. Kuukanda ule mguu au kumwinua atembee ni hatari. La tano: unafanya nini kwanza? La sita linakuja baada ya saa kadhaa, mama ameshaanza heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) kwa dripu. Oksijeni 94%, anapumua mara 20, lakini fizi zinatoa damu. Kipi kinaonyesha nafuu, na kipi unakiripoti mara moja?

Soma mfano huo tena polepole, utaona kwamba hakuna swali hata moja lililokuuliza maana ya ugonjwa.

Visa ni vingapi kwenye mtihani?

Vinavyohesabiwa ni 3, sawa na maswali 18, kwa kila mtahiniwa. Unaweza kukutana na zaidi ya hapo kwa sababu vingine ni vya majaribio na havina alama (tazama swali la maswali 15 yasiyohesabiwa). Huwezi kutofautisha, kwa hiyo jibu vyote kwa uzito uleule.

Mbali na visa, kuna aina gani nyingine?

Sehemu kubwa ya mtihani bado ni maswali ya kawaida: kuchagua jibu moja kati ya manne, kuchagua yote yanayofaa, kupanga kwa mfuatano, kujaza hesabu ya dozi. Usije ukatumia miezi yote kwenye visa ukasahau hayo.

Mapya ni pamoja na jedwali la kuweka alama kwa kila mstari, sentensi zenye nafasi za kuchagua neno, kuburuta jibu kulipeleka mahali pake, na kupaka rangi maneno ndani ya maelezo ya mgonjwa. Kuna pia maswali mawili yanayosimama peke yake bila kuwa sehemu ya kisa. Moja linaitwa bo-tai kwa sababu mchoro wake una umbo la tai fupi ya shingoni: katikati unaweka tatizo moja, kushoto hatua mbili za kuchukua, kulia vitu viwili vya kufuatilia. La pili linakuonyesha vipimo vya nyakati tofauti ili uone mwelekeo: presha inashuka kidogo kidogo, mkojo unapungua, mapigo yanapanda.

Nikikosea swali la kwanza la kisa, nimepoteza yote sita?

Hapana. Maswali ya kisa hayategemei jibu ulilotoa. Swali la tatu linaendelea na habari sahihi hata kama la kwanza ulikosea, na wakati mwingine habari mpya zitakuonyesha kwamba ulipotea njia. Zikikuonyesha hivyo, badilisha mawazo palepale. Nimeona watu wakishikilia wazo la mwanzo mpaka swali la sita kwa sababu tu walishalichagua.

Naweza kurudi kwenye swali lililopita, au kuruka?

Huwezi, hata ndani ya kisa. Ukithibitisha jibu limekwenda. Na lazima ujibu ndipo uendelee.

## Alama na kufaulu

Alama za sehemu zinahesabiwaje?

Kuna njia tatu.

Pale ambapo idadi ya majibu imewekewa kikomo, kwa mfano "chagua mawili" au jedwali lenye jibu moja kwa kila mstari, kila jibu sahihi ni alama moja na kosa ni sifuri. Bo-tai iko hapa, ina alama 5.

Pale ambapo unaweza kuchagua mengi utakavyo, kila sahihi linaongeza alama moja na kila kosa linapunguza moja, ila huwezi kushuka chini ya sifuri. Tuseme majibu ni sita na sahihi ni matatu. Ukichagua hayo matatu unapata 3. Ukiongeza moja la makosa unabaki na 2. Ukichagua yote sita unapata sifuri. Chagua lile unaloweza kulitetea, basi. Kubahatisha moja la ziada kunaweza kula alama uliyoitolea jasho.

Njia ya tatu ni ya sentensi zenye sababu: "mgonjwa yuko kwenye hatari ya hiki kwa sababu ya kile". Zikiwa nafasi mbili, lazima zote ziwe sahihi ndipo upate alama. Ukipatia hatari ukakosea sababu, hupati kitu, na naona ni haki.

Kompyuta inajuaje kwamba nimefaulu?

Kila ukijibu, inakadiria upya uwezo wako na kukuletea swali linalolingana nao, yaani swali ambalo una nafasi karibu nusu kwa nusu ya kulipatia. (Ndani ya kisa haifanyi hivyo. Maswali sita yanakuja yalivyo, kisha makadirio yanaendelea.) Inapokuwa na uhakika wa 95% kwamba uko juu ya kiwango cha kufaulu, inasimama na umefaulu. Ikiwa na uhakika huohuo kwamba uko chini, inasimama na umefeli. Ikishindwa kuamua mpaka swali la 150, inaangalia makadirio ya mwisho: yakiwa juu ya kiwango, umepita.

Kwa hiyo karibu kila mtu anatoka akihisi amefeli. Mtihani umejengwa ili ukuguse pale unapoyumba. Mtu anayekosa karibu nusu ya maswali magumu anaweza kuwa amefaulu vizuri kabisa.

Kiwango hicho hakipimwi kwa asilimia bali kwa kipimo kinachoitwa logiti. Kwa RN kilipandishwa kuwa 0.00 mwaka 2013, na mtihani mpya wa 2023 ulianza na kiwango hichohicho. Anayekuambia "unahitaji 75% kupita" hajui anachosema.

Mtihani ukizima kwenye swali la 85, ni dalili nzuri au mbaya?

Si dalili ya lolote. Kuzima mapema maana yake kompyuta imepata uhakika, na uhakika huo unaweza kuwa wa kufaulu au wa kufeli. Waliofika 150 nao wako wa aina zote mbili.

Maswali 15 yasiyohesabiwa ni yapi?

Kila mtahiniwa anapewa maswali 15 ya majaribio yatakayotumika katika mitihani ya baadaye. Yamechanganywa na mengine. Ndiyo maana katika 85 za chini kabisa, zenye uzito ni 70: 18 za visa na 52 nyingine.

Muda ukiisha kabla sijamaliza?

Ikiwa hujafika maswali ya chini yanayotakiwa, umefeli. Ikiwa umeyapita, unahukumiwa kwa makadirio ya uwezo wako hadi hapo. Saa 5 kwa maswali 150 ni dakika 2 kwa kila swali, na mapumziko yanakula ndani ya muda huo. Kisa kinahitaji muda zaidi mwanzoni kwa kusoma faili, halafu maswali yake yanayofuata yanakwenda haraka. Usikimbie ukurasa wa kwanza wa faili.

Mtihani mpya ni mgumu zaidi?

Kwa waliosomea Marekani wanaofanya RN mara ya kwanza, waliofaulu walikuwa karibu 80% mwaka 2022, kabla ya mabadiliko. Mwaka 2023 walipanda hadi karibu 89%, na 2024 walipita 91%. Hofu iliyokuwepo haikutimia.

Lakini kwa waliosomea nje ya Marekani picha ni tofauti: wanaofaulu mara ya kwanza ni takriban nusu. Sababu moja kubwa ni kwamba wengi wanafanya mtihani miaka mingi baada ya shule, katika mfumo wa hospitali ambao hawajauishi, tena wakitoka zamu ya usiku. Ukiwa kwenye kundi hilo, jipe miezi zaidi bila aibu yoyote.

## Kujiandaa

Nina vitabu vya kabla ya 2023. Nivitupe?

Usivitupe. Maelezo ya magonjwa, dawa na maabara bado yana kazi, mradi uhakikishe miongozo ya matibabu haijapitwa na wakati. Kisichofaa tena ni sura zinazoeleza muundo wa mtihani, na mazoezi yasiyo na visa. Tumia kitabu cha zamani kusomea mada, kisha fanya mazoezi kwenye benki ya maswali ya sasa. NCSBN wenyewe wana maswali ya mfano ya bure. Anzia hapo uzoee skrini kabla ya kulipia kitu chochote.

Mada zipi zina uzito zaidi?

Kwa mwongozo wa RN wa 2023, usimamizi wa huduma ni 15 hadi 21%, dawa 13 hadi 19%, mabadiliko ya mwili wakati wa ugonjwa 11 hadi 17%, usalama na kuzuia maambukizi 10 hadi 16%, kupunguza hatari 9 hadi 15%. Kukuza afya, afya ya akili na huduma za msingi ni 6 hadi 12% kila moja.

Angalia linaloongoza. Usimamizi wa huduma maana yake ni nani umwone kwanza, kazi gani umpe msaidizi, lini umpigie daktari, ridhaa ya mgonjwa inasainiwaje. Waliosomea nje hulipuuza kwa kuwa halina ugonjwa ndani yake. Mgawanyo wa kazi kati ya RN, PN na msaidizi Marekani una mipaka mikali: kutathmini mgonjwa mpya, kumfundisha kwa mara ya kwanza na kufanya uamuzi wa kitaalamu havikabidhiwi. Kama ulizoea wodi ambapo kila aliyepo anafanya lililopo, hili lifanyie mazoezi kuliko kitu kingine chochote.

Nifanye maswali mangapi kwa siku?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalosaidia kidogo kuliko yote. Maswali 40 yaliyochambuliwa yana faida kuliko 150 yaliyopitiwa mbiombio. Kuchambua ni kusoma maelezo ya kila jibu, hata ulilopatia, na kueleza kwa sauti kwa nini mengine si sahihi. Ukikosea, andika aina ya kosa: hukujua jambo lenyewe, hukuiona dalili kwenye faili, au uliona yote ukapanga vibaya la kwanza? Baada ya wiki chache daftari litakuonyesha kwamba makosa yako yanajirudia katika aina moja, na dawa yake ni tofauti na ya nyingine. Asiyeona dalili hasaidiwi na kusoma sura nyingine ya famasia.

Nafanya kazi wodini. Naweza kujiandaa kazini?

Unaweza, na ni maandalizi bora kuliko video nyingi. Chukua mgonjwa mmoja kwa zamu. Kabla hujasikia wengine wanasemaje, jiulize maswali sita: nimeona nini, kina maana gani, hofu yangu kubwa ni ipi, ningefanya nini, lipi kwanza, na nitajuaje limesaidia? Usiandike jina wala habari zinazomtambulisha.

Majina ya dawa yananichanganya. Nifanyeje?

Mtihani unatumia majina halisi ya dawa, si ya kibiashara, lakini kwa matumizi ya Marekani. Aliyezoea paracetamol atakutana na acetaminophen. Salbutamol ni albuterol, adrenaline ni epinephrine, pethidine ni meperidine, glibenclamide ni glyburide. Tengeneza orodha yako na uimalize katika wiki ya kwanza. Vipimo pia: sukari ya damu uliyozoea kwa mmol/L ukiikuta kwa mg/dL, zidisha kwa 18. Sukari ya 4 ni 72.

Kuna mtu anauza maswali "yaliyotoka" kwenye mtihani. Ninunue?

Usinunue. Kabla ya kuanza mtihani unakubali masharti ya kutunza siri yake, na kutoa au kupokea maswali kunaweza kufuta matokeo yako na kukufungia leseni. Halafu, kwa mtihani unaompa kila mtu maswali yake kutoka benki kubwa, utakuwa umelipia kitu ambacho huenda usikutane nacho kabisa.

## Usajili na siku ya mtihani

Nianzie wapi kujisajili?

Anza kwa kuchagua jimbo, maana masharti yanatofautiana: mengine yanataka mtihani wa Kiingereza kabla, mengine namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani ndipo watoe leseni. Uliyesomea nje kwa kawaida utahitaji tathmini ya vyeti, ambayo majimbo mengi huipokea kutoka CGFNS, shirika ambalo tangu 2025 linajiita TruMerit. Shule yako na baraza la uuguzi lililokusajili watatuma nyaraka moja kwa moja. Hapa ndipo miezi inapotelea, kwa hiyo fuatilia kila wiki.

Sambamba na hayo unajisajili Pearson VUE. Bodi ikikukubali unapokea barua pepe ya ruhusa inayoitwa ATT, ndipo unachagua siku na kituo.

Gharama ni kiasi gani?

Ada ya mtihani kwa leseni ya Marekani ni dola 200. Ukifanyia nje, kuna dola 150 za ziada za kupanga siku, pamoja na kodi pale inapotozwa. Ada ya bodi, tathmini ya vyeti na mtihani wa Kiingereza ni mbali.

ATT inadumu muda gani?

Kwa kawaida karibu siku 90, ila bodi nyingine hutoa zaidi au pungufu. Haiongezwi. Ikiisha unajisajili na kulipa upya, kwa hiyo usiombe ruhusa kabla hujakaribia kuwa tayari.

Siku yenyewe ikoje?

Fika dakika 30 kabla. Unapigwa picha, unasaini, na viganja vinasomwa na mashine. Simu, saa na vitabu vinabaki nje. Unapewa ubao mdogo wa kuandikia na kufuta, na kikokotoo kiko kwenye skrini. Mapumziko ya kwanza yanatangazwa baada ya saa 2, ya pili baada ya saa 3 na nusu. Si lazima kuyachukua, ila ukihisi unasoma sentensi moja mara tatu, toka nje unawe uso.

Jina kwenye pasipoti limepangwa tofauti na la usajili. Kuna shida?

Kuna shida kubwa. Jina kwenye kitambulisho lazima lilingane na lililo kwenye ATT. Wenye majina matatu wanaumia sana hapa: shule imeandika mawili, pasipoti matatu, ukoo umekuja mbele. Jisajili kwa jina lilivyo kwenye pasipoti. Kama kosa limeshatokea, lisahihishe kabla ya siku ya mtihani, maana mlangoni watakurudisha na ada imekwenda.

## Hali zisizo za kawaida

Nimefeli. Nisubiri muda gani?

Siku 45, na unaweza kurudia hadi mara 8 kwa mwaka, isipokuwa bodi yako ina masharti makali zaidi. Utapokea ripoti inayoonyesha kila eneo kama ulikuwa juu, karibu au chini ya kiwango. Anza na yaliyo "karibu". Hayo yanapanda upesi, kisha uende kwenye "chini".

Nilifeli mtihani wa zamani. Je, naweza kurudia kwa muundo ule?

Hapana, haupo tena. Habari njema ni kwamba maswali ya kuchagua yote yanayofaa, yaliyowaangusha wengi wakati ule, sasa yana alama za sehemu.

Nina ulemavu au hali ya kiafya inayohitaji mpango maalumu.

Omba kwa bodi ya uuguzi wakati wa kutuma maombi, ukiambatisha barua ya daktari. Mpango lazima uwe umekubaliwa kabla hujapanga siku, kwani kituo hakiwezi kukuongezea muda kwa kuombwa asubuhi hiyo.

Nikipasi, naweza kuutumia Kanada au Australia?

Sehemu kubwa ya Kanada imeutumia NCLEX-RN tangu 2015. Kwa wauguzi wa vitendo, Ontario na British Columbia wana mtihani wao, REx-PN, tangu 2022. Australia inautaka kwa wengi waliosomea nje, kisha mtihani wa vitendo. Kupasi mara moja kunaweza kutambuliwa kwingine, ila kila mdhibiti ana nyaraka zake za ziada.

Wakala anasema anaweza "kupanga" vyeti vyangu ili bodi inikubali haraka.

Mkimbie. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka yaliyohusu diploma bandia zaidi ya 7,600 zilizouzwa na shule za Florida. Walionunua waliruhusiwa kufanya mtihani, wapo waliopasi, na bodi zilianza kuwafuta leseni mmoja baada ya mwingine. Wakala halali anakusaidia kujaza fomu na kufuatilia barua. Akigusa tu alama zako au saa zako za mafunzo kwa vitendo, chukua nyaraka zako uondoke, hata kama umeshamlipa nusu.